Kilo Zangu kwenye Mizani ya Lodwar

Uso bado unaniwaka ninapoandika haya. Kazi ya kupanga safari za ndege nilijifundisha kwa simu, na juzi meneja alikuja Lodwar kunitazama kazini: nikifaulu, napelekwa Nairobi kusomea leseni, na mshahara unapanda.

Nikawapima abiria wa ndege ndogo ya Kakuma, nikiinamia mizani nisikosee hata kilo moja. Mwalimu mmoja, mwembamba kama ufito, akatoka na kilo tisini! Nikatangaza kwamba uzito umezidi, kwa hiyo magunia ya samaki ya Mama Akiru yabaki.

Mama Akiru akatazama chini, akacheka.

"Meneja, hata sisi wa sokoni hatuibi hivi. Kijana wangu, toa mguu wako kwenye mizani!"