Tani Mbili Zilizopotea Njiani

Madereva wa malori ndio waliompa jina la Mama Mizani, na lilimganda, hata mumewe, fundi seremala, akaacha jina zuri alilokuwa akimwita tangu uchumba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Aliingia kituo cha mizani cha barabara kuu akiwa mfagiaji. Kila alipodeki kibanda cha karani alitupia jicho jinsi tarakimu zinavyopanda lori likikanyaga bamba la chuma. Siku karani alipougua ghafla na foleni ikafika hadi kituo cha mafuta, msimamizi alikuja mbio akamkuta mfagiaji amekaa kitini, anapima, anaandika, anagonga muhuri. Hakumwinua. Miaka kumi na minne baadaye bado alikuwa amekaa pale pale.

Mwaka wake wa kwanza dereva mmoja mwenye maneno matamu, waliyemwita Kobe kwa mwendo wake, alimjaribu.

"Shangazi, hizo kilo mia tatu zilizozidi si unazimeza tu?"

"Mimi ni mbuni, nimeze chuma? Rudi ukapunguze mzigo, mwanangu. Mizani haina shangazi."

Kobe alirudi akapunguza, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Kobe alibeba mihogo mibichi. Aliipakia bondeni, mwendo wa saa mbili kupita kituo, akaipeleka mji wa bandari, ambako kulikuwa na kiwanda kikuukuu cha wanga, ule unga mweupe laini wa kutengenezea gundi ya maboksi. Ilikuwa safari ya siku nzima ikiwa lori halikuharibika, na huko mwisho kulikuwa na foleni nyingine getini. Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Siku ya pili huanza kupata michirizi ya bluu ndani, na siku ya tatu pua ndiyo inayokuambia.

Juma moja Kobe alishuka na mzigo wa tani ishirini na nane kamili. Baada ya siku nne alirudi nao. Walikuwa wamemkatalia getini, na tajiri mwenye lori alitaka kuuona uozo huo kwa macho yake. Mama Mizani alimpima, kwa mazoea tu. Mzigo ulikuwa tani ishirini na sita.

"Umeuza njiani?"

"Shangazi, nani anunue uvundo huu?"

"Basi tani mbili zimekwenda wapi?"

Kobe alimwonyesha chini ya lori. Tone, tone, maji ya kijivu yalikuwa yakianguka kwenye lami.

Swali lile lilimkaa mwilini kama kijiba. Siku yake ya mapumziko alinunua kilo ishirini za muhogo mbichi, akaazima mizani ya mwenye duka, akamwita mama mkwe wake waliyekuwa wakiishi naye. Bibi huyo katika ujana wake alikuwa akifua na kukazia kwa wanga mashati ya makarani, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Walimenya, wakakwaruza, wakachuja kwa kitambaa, wakaacha maji yatuame, wakaanika kilichobaki juu ya bati. Kila hatua Mama Mizani alipima na kuandika.

"Mwanangu," bibi alisema, "wenzio wanapima dhahabu, wewe unapima maganda."

"Mama, maganda haya yanasafiri kuliko mimi."

Wanga ulipokauka ulikuwa kilo nne na nusu. Aliutazama, akatazama ile karatasi yake, akatikisa kichwa. Katika kila malori matano yaliyopita mbele ya dirisha lake, karibu manne yalikuwa yamebeba maji, maganda na makapi.

Hakuwa na wa kumwambia. Ni mtu gani angemsikiliza karani wa mizani? Lakini miezi michache baadaye mtu huyo alijileta mwenyewe. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya kile kiwanda, mwembamba, viatu viking'aa vumbi likivionea wivu. Wenye kampuni walitaka kujenga kiwanda kipya kikubwa, na walikuwa wamekwishapata kiwanja jirani na kile cha zamani. Umeme upo, bandari ipo, wateja wako mtaa wa pili. Yeye alitumwa kuuliza jambo moja tu: malori hupoteza saa ngapi barabarani?

Mama Mizani alimjibu, tena kwa siku na kwa saa. Kisha akavua miwani.

"Mhandisi, na mimi nikuulize. Nyinyi mnanunua muhogo au mnanunua maji?"

Mhandisi alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akakubali mwaliko wa kwenda kwake Jumamosi.

Alikuta uani mabeseni manne yamepangwa juu ya benchi la seremala: la maganda, la makapi, la maji, na la nne, dogo kuliko yote, la wanga. Aliomba mizani, akapima upya yote kwa mkono wake. Hilo lilimfurahisha Mama Mizani, maana mtu asiyeamini karatasi ya mwenzake ndiye mtu wa kuzungumza naye.

"Mnachokitaka ni hiki," alimwambia, akigusa beseni dogo. "Haya mengine mnayalipia nauli."

"Hesabu hii tulikuwa nayo ofisini," mhandisi alisema polepole. "Ila tulihesabu kana kwamba muhogo unafika mzima. Na wateja je? Wako kule chini."

"Wanga mkavu unaweza kungoja mwezi mzima. Muhogo hauwezi kungoja kesho kutwa. Sasa kati yao, nani asafiri?"

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alimjibia mgeni: "Asafiri mwenye subira."

Mhandisi aliondoka na wanga kidogo kwenye mfuko wa nailoni, na wiki tatu hazikupita akarudi na mkurugenzi wake, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi. Kufikia hapo mji wote ulikuwa umekwishasikia: kiwanda kinakuja! Diwani alitayarisha eneo nyuma ya kituo cha mizani, nyasi zikafyekwa, watu wakajaa. Fundi seremala naye alikuwepo, amevaa shati la kutokea. Kichwani alikuwa ameshatengeneza milango na madirisha ya ofisi nzima.

Diwani alisifu eneo, akalisifu tena. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia karani wa mizani.

"Wewe ndiye uliyetutoa bandarini. Hapa panafaa?"

Mama Mizani aliutazama umati. Alimwona mumewe. Aliwaona majirani zake, wenye watoto waliomaliza shule na kukaa vibarazani.

"Hapafai," alisema. "Kiwanda cha wanga kinakunywa maji kutwa kucha, na hapa bomba linatoa upepo. Sisi wenyewe tunaletewa maji kwa boza. Nendeni bondeni. Muhogo uko mlangoni, na mto wake haujawahi kukauka. Lakini nisiwafiche, huko umeme hamna. Nguzo zimeishia kijiji cha kabla yake. Hiyo itakuwa kazi yenu."

Mkurugenzi aliandika mstari mmoja, akashukuru, akaingia garini. Diwani alibaki amesimama kwenye nyasi zake zilizofyekwa.

"Riziki imebisha hodi," alisema kwa sauti ya kusikika, "wewe ukaielekeza kwa jirani!"

Maneno hayo yalimfuata sokoni, kwenye foleni ya boza, hadi saluni. Mumewe alikaa siku mbili hasemi naye ila kwa salamu. Siku ya tatu alizima msumeno.

"Ungepungukiwa nini kusema panafaa?"

"Wangejenga. Mwaka wa pili maji yangewashinda, wangefunga. Wewe ungetengeneza milango, halafu ungekaa unaitazama ikiliwa na mchwa."

Fundi alipuliza vumbi la mbao kwenye mkono wake. Alitaka kuendelea kununa, lakini kicheko kilimponyoka. "Wewe hata peponi utauliza bomba liko wapi."

Ilichukua miaka mitatu. Nguzo za umeme zilivutwa kwa kusuasua, na mara mbili watu walisema mradi umekufa. Lakini kiwanda kilisimama bondeni, na barabarani mambo yakabadilika. Palipokuwa pakipita malori matano yanayodondosha maji, sasa lilipita moja, limefunikwa turubai, magunia makavu yamepangwa kama vitabu. Kituo cha mizani kikapunguza zamu moja, na jina la Mama Mizani likawa kwenye orodha ya wanaoondoka.

"Shangazi, umejichimbia shimo mwenyewe," Kobe alimwambia kwa huzuni ya kweli.

"Nililiona tangu siku ya mabeseni," alijibu. Na ni kweli alikuwa ameliona, na hata hivyo alikuwa amesema ukweli.

Kampuni ilimwita akasimamie mizani ya getini, pale wakulima wanapoleta mihogo. Alitoa sharti moja: tarakimu ziwe kubwa, na zitazame nje, upande wa wakulima. Meneja alikunja uso. "Watabishana na sisi kila kilo."

"Wabishane. Wasipoziona watampa dalali mihogo yao, na kiwanda chako kitasaga upepo."

Tarakimu zikatazama nje. Alipanga chumba karibu na geti, akawa anarudi nyumbani kila Ijumaa. Msimu haukwisha, mfuga ng'ombe mmoja akajenga banda ukutani mwa kiwanda ili asage maganda kuwa chakula cha mifugo. Fundi mitambo akahamia, maana palipo na mashine hapakosi inayoharibika. Mumewe naye akapata kazi ya kutengeneza vitanda vya mbao vya kupangia magunia, na mwisho akahamisha msumeno wake. Mji wao wa zamani haukupata kiwanda hadi leo. Wapo wasiomsamehe, naye hawalaumu.

Mwaka jana kampuni ilitaka kiwanda cha pili, mbali upande wa kaskazini. Mhandisi, ambaye sasa ana mvi, alimwomba afuatane nao. Wataalamu watatu walitandaza ramani juu ya boneti la gari. Mto ulikuwa chini yao, mpana, unameremeta. Mama Mizani hakuitazama ramani. Aliteremka hadi kwa wanawake waliokuwa wakifua, akavua viatu, akakaa nao juu ya jiwe, akauliza habari za watoto, za mashamba, na za mwaka ule wa ukame. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alisimama katikati ya mto na kuonyesha kwa mkono jinsi walivyokuwa wakichimba mchanga, hadi kiunoni, ili wapate ndoo moja.

Alirudi juu viatu mkononi, anahema.

"Kuna nini?" mhandisi aliuliza.

"Mto huu ni wa mvua. Ukame ukija, wanaufukua kwa jembe."

Mmoja wa wataalamu alifungua kinywa ili abishe. Mhandisi alikuwa ameshaanza kukunja ramani. Alimshikia Mama Mizani viatu vyake hadi alipojifuta miguu, kisha akamfungulia mlango wa mbele wa gari.