Nilivyozidisha Tafsiri

Aibu hii nawasimulia kwa sababu pale kanisani kwetu Migosi kila mtu anaijua, ila wanaisimulia vibaya, eti Roho alinishukia. Roho gani? Ni mdomo wangu tu, na kupenda kushangiliwa.

Mimi nilikuwa mkalimani. Akija mhubiri asiyejua Kidholuo, nasimama kando yake na maikrofoni, yeye anasema Kiswahili, mimi naweka kwa Kidholuo ili akina mama wazee wasiachwe nyuma, na niseme ukweli, nilikuwa hodari (wengine walikuja kunisikiliza mimi, si mhubiri, na nilijua, na nilijipenda). Mwaka jana akaja mchungaji mgeni kutoka Kakamega, mkutano wa siku tatu. Jumamosi mchana Mama Ochieng, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu mpole asiye na maneno mengi, akaomba kumwona faraghani, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kubahatisha, nikaitwa nitafsiri.

Ndipo nikajua kwamba Ochieng, kijana wake ambaye sote tuliamini yuko Qatar, alikuwa gerezani hapa hapa kwetu. Kila mwezi mama alikuwa akibeba kikapu anatuaga eti anaenda Ahero kutafuta mchele, kumbe anaenda kumwona. Kijana alikuwa amebakisha wiki sita. Mshirika wetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alishaahidi kumpa kazi akirudi kutoka "Qatar", na Ochieng mwenyewe alikuwa amemwambia mama yake kwamba watu wakijua alikokuwa, nyumbani harudi.

"Sasa nifanye nini?" mama akauliza.

"Mama, si lazima utangaze," mchungaji akamjibu. "Na sisi tuliosikia tutanyamaza. Kutunza siri ya mwenzako ni sehemu ya kumcha Mungu."

Akachukua mkono wangu akauweka juu ya Biblia. Nikaapa, tena kwa lugha zote mbili, kwa sauti nzuri ya madhabahuni.

Jumapili kanisa lilijaa, joto kali, watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo. Mchungaji akasema, "Kuna mtu hapa amebeba mzigo mzito." Basi, hivyo tu, bila jina, bila chochote. Nikatafsiri. Kimya. Mimi kimya cha namna hiyo kilikuwa kinaniumiza, nilikichukulia kama watu wamenikataa, kwa hivyo nikaongeza kidogo, nikasema ni mama. Amina mbili tatu zikasikika. "Analia peke yake," mchungaji akasema, nami kwa Kidholuo nikasema analilia kijana wake. Akina mama wakaanza kuguna, mmoja akasimama na mikono juu, na mimi nikapanda moto. "Lakini Mungu anamwona popote anapopita," mchungaji akasema, na mimi, jamani, nikatoa hili: "Mungu anamwona akibeba kikapu anasema anaenda Ahero, kumbe anaenda gerezani!"

Vigelegele vikalipuka, halafu vikakatika, maana watu walishaanza kujiuliza kikapu ni cha nani. Vichwa vikageukia safu ya tatu. Yule fundi wa vyuma naye akageuka. Mchungaji, ambaye hakujua hata neno moja nililosema, aliona tu watu wametikisika, akafurahi mno, akapaza sauti, "Mtu huyo aje mbele! Aje tumwombee!" Kisha akanyamaza, akinisubiri.

Sikutafsiri. Hakukuwa na haja, Kiswahili hicho kila mtu alikielewa. Mama Ochieng akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akapita kati ya viti bila kumtazama mtu.

"Njoo mama, njoo!" mchungaji akaita.

Yeye akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nikabaki nimeshika maikrofoni.

Habari ilimfikia Ochieng kabla wiki haijaisha, nani aliyeipeleka sijui, nasi tulikuwa wengi. Wiki sita zikaisha, akafunguliwa. Hakurudi. Wengine wanasema yuko Busia, wengine wanasema alivuka mpaka akaenda Mwanza. Simu yake haipatikani.

Nilikabidhi maikrofoni. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Bwana, usiache kipawa, siku hiyo upako ulikuwa mwingi kabisa!" Nusura nimtukane palepale, hadi leo nikimwona nyongo inanipanda, ingawa najua aliyestahili matusi ni nani. Madhabahuni sipandi tena, nimeapa, ila kiapo changu siku hizi hata mimi mwenyewe sikiamini sana.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda kwa Mama Ochieng. Nilimkuta akianika omena uani. Nikaanza kuomba msamaha kwa Kidholuo, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, akainua mkono kunikatisha, akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno.

"Hapana. Leo mimi nasema mwenyewe. Mimi nimesamehea wewe, mimi ni Mkristo. Lakini Ochieng hajakuja. Kama wewe utapata yeye huko, ambia yeye pia asamehee wewe. Na ambia yeye mama iko hapa."

Kisha akainama, akaendelea kutandaza omena zake.