Sifuri Haipinduki

Mwalimu wa hesabu pale Uyole hufundisha kwa viganja vyeupe vya chaki. Kimoja hukiinamisha kama mteremko wa mlima, cha pili hukisimamisha juu yake kwa pembe mraba, kisha hunguruma kanuni ya kupata mteremko wa mstari wa pili: "Pindua mteremko, badili alama!" Darasa humwitikia. Leo akachora mstari uliolala, y = 3, akataka mlinganyo wa mstari utakaoukata kwa pembe mraba kwenye nukta (2, 3). Kila mwaka hutega mtego huo, na kila mwaka darasa zima hunasa. Kalamu zikakimbia. Tumpe, binti asiyenyoosha mkono hata siku moja, akasimama.

"Samahani, mwalimu. Mteremko wa huu ni sifuri, na sifuri haipinduki. Huo mwingine unasimama wima tu: x = 2."

Mwalimu akamkabidhi chaki, akatembea kifua mbele, akaketi kwenye dawati la Tumpe.

"Haya," akasema, "tufundishe."