Siku Niliyoisalimisha Uingereza

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo. Mimi, mama mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne na alama nzuri ya historia (nimekuja nacho hapa Dubai, kiko kwenye bahasha, anayebisha nitamwonyesha), niliambiwa niketi chini mbele ya ukumbi mzima wa wazazi, na aliyeniambia ni msichana wa miaka kumi na miwili aliyeshika nyundo ya mbao, na alikuwa na haki. Wiki tatu zimepita na nikikumbuka bado nakunja ngumi, ila sijui nimpige nani, maana mwenye makosa ndiye mwenye ngumi.

Binti yangu Makena yuko darasa la sita. Ni mtoto wa kimya, na si kimya cha adabu, ni kile cha mtoto anayejua jibu na jibu halitoki. Miaka miwili katika shule ile hajawahi kusimama mbele ya watu akamaliza sentensi. Kwa hiyo alipokuja nyumbani Al Qusais akasema darasa lao litaigiza mkutano wa kwanza wa mataifa kuhusu kasumba, yaani afyuni, ule wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nchi kumi na tatu zimeketi kuulizana biashara ile itadhibitiwa vipi, na kwamba yeye atahutubia, nilifurahi mpaka nikapika chapati katikati ya wiki. Halafu nikamuuliza yeye ni nchi gani.

“Uingereza,” akasema. “Walikuwa wanailima India na kuiuza China.”

Nikairudisha chapati sahanini.

Ili mnielewe, niwarudishe nyuma kidogo. Miaka minne iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka likizo Meru, na mnajua desturi yetu, ikisikika tu kwamba unasafiri, mtaa mzima unakuletea mzigo wa mtu aliye Dubai, na ukikataa unaringa. Jirani mmoja akanipa unga wa wimbi wa mwanawe, mfuko hauna hata jina, na uwanja wa ndege wa hapa wakautoa, wakautoboa, wakaupeleka kupimwa, tukawekwa kwenye benchi masaa matatu watu wakipita wakitutazama, Makena ana miaka saba ameshika sketi yangu. Ulikuwa wimbi. Wakatuachilia na mfuko wetu uliotoboka, khalas, yameisha. Lakini kwenye teksi mtoto aliniuliza, “Mama, sisi tunauza dawa za kulevya?” na tangu siku hiyo maneno hayo yakimkaribia mwanangu naona giza.

Sasa nchi kumi na tatu, na Mwafrika peke yake darasani ndiye kapewa muuzaji. Nilichemka. (Barua ya mwalimu ya kutueleza mkutano huo ilikuwa na kurasa mbili. Nilisoma moja.)

Hotuba Makena aliiandika mwenyewe kwa mkono, akawa anaikariri bafuni kila jioni, bomba limefunguliwa ili nisisikie. Nilisikia. Ilikuwa hotuba ya ujanja kweli, kwamba Uingereza inasikitika sana, lakini biashara hii ni halali, serikali ya India inaitegemea, haiwezi kukatwa kwa siku moja, basi tupunguze kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kwanza kila nchi iwachunguze watu wake. Nikamwambia abadilishe, aombe msamaha. Akasema, “Hawakuomba, Mama.” Basi.

Ningeachia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini mimi napokea wateja kwenye saluni kule Jumeirah Village Circle, kompyuta ipo, printa ipo, na alasiri ile hakuja mtu. Nikaandika hotuba mpya. Ilikuwa tamu, nawaambia. Uingereza ilikiri yote, ikaomba radhi kwa China na kwa kila mama duniani (hapo kwa akina mama nililia mwenyewe), ikaapa kuacha kuuza kuanzia siku hiyo. Asubuhi ya mkutano Makena akiwa anaoga nikafungua faili lake, nikatoa yake nikaweka yangu. Nilijiambia nimwokoe kwanza, kuelewa ataelewa baadaye.

Ukumbini kulikuwa na bendera ndogo mezani na watoto wamevaa makoti ya baba zao. Mwenyekiti, yule msichana mwenye nyundo, akaiita Uingereza iseme kwanza. Makena akasimama, akafungua faili, akalitazama, akanitafuta kwa macho. Halafu akasoma, kwa sababu ni mtoto mtiifu, na sauti ilitoka ikikwaruza, akafika “tunaacha kuuza kuanzia leo”, akaishia hapo.

Kuna jambo moja sikuwa nimelifikiria. Muuzaji akishakubali kila kitu, nchi nyingine kumi na mbili zimekuja kufanya nini? China ilikuwa na kurasa nne za malalamiko. Marekani ilikuwa na mapendekezo. Uajemi ilikuwa imefungwa kilemba na mama yake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wakatazamana, na China ikauliza, karibu kulia, kama bado inaruhusiwa kukasirika. Wazazi wakacheka. Mimi nikajua wanamcheka Makena, nikasimama pale safu ya tatu na kusema kwa ile sauti ninayowatolea wateja wasumbufu kwamba aendelee kusoma, asiogope, hakuna mtu humu atakayemwita mwanangu muuza dawa.

Nyundo ikagonga.

“Samahani, madam,” mwenyekiti akasema kwa adabu kabisa, “wewe ni nchi gani?”

Nikasema Kenya. (Haikuwepo. Enzi zile tulikuwa chini ya Waingereza hao hao, kwa hiyo ukipiga hesabu nilikuwa namfokea arbab wangu, bosi kama tunavyomwita hapa.)

“Kenya haina kiti. Tafadhali keti.”

Nikaketi, na simu tatu zinanirekodi.

Ndipo Makena akalifunga faili. “Mheshimiwa mwenyekiti,” akasema, “Uingereza inaomba kuyaondoa maneno hayo. Yaliandikwa na mtu ambaye si mjumbe.” Halafu akaitoa ile yake kichwani, ile ya bafuni, neno kwa neno. China ikamrukia. Marekani ikamrukia. Alimjibu kila mmoja, kwa upole ule unaoudhi, na sijawahi kusikia sauti ya mwanangu ikiwa ndefu namna hiyo, na nilikuwa nimekaribia kuifunga mimi mwenyewe kwa karatasi moja ya saluni.

Baadaye mwalimu wake alinifuata mlangoni. Bi Zuhura ni mzaliwa wa hapa hapa, kwao asili Unguja, na huwezi kugombana naye maana hapandishi sauti. “Bibiye,” akasema, “ukurasa wa pili hukuusoma? Upande ule kauomba mwenyewe. Kaniambia ataka kujua mtu husema nini, akiwa kweli auza sumu na watu wote wamtazama.”

Nikakumbuka benchi. Masaa matatu, na unga wetu safi wa wimbi, na mimi sikufungua mdomo hata kuuliza maji ya mtoto. Wenye kasumba yenyewe walikuwa na hotuba. Mimi nilikuwa na haki, nikakaa kimya, na Makena alikuwa ananitazama. Kumbe ndiko kilikotoka kimya kile nilichokuwa nawauliza walimu kimetoka wapi.

Jioni Makena akaniwekea karatasi mezani, mkataba wa vifungu viwili: Mama hafungui faili la mtu, na Mama hasimami mpaka apewe nafasi. Nilimwambia ni vigumu kuacha kwa siku moja, yeye ananijua, tupunguze kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

“Hiyo hotuba ni yangu,” akasema, akanipa kalamu.

Nikasaini. Safari hii nilisoma mpaka nyuma ya karatasi.