Gauni Saizi ya Mama Najma

Chiku alikuwa haamini lebo. Mzigo ukifika dukani kwake Mtaa wa Narung'ombe, kitu cha kwanza alichukua mkasi mdogo, akakata vile vitambaa vya shingoni vilivyoandikwa M, L na XL, akavitupa kwenye ndoo.

"Waongo hawa," alikuwa anasema. "Hawajawahi kuona mwanamke."

Na kweli. XL ya Uchina ilimbana msichana wa kidato cha pili. Namba 42 ya Uturuki ilimtosha bibi mwenye wajukuu, na nafasi ikabaki. Mzigo wa mwezi huu na wa mwezi uliofuata, kiwanda kile kile na lebo ile ile, haikulingana. Chiku alijua hayo tangu anatembeza magauni begani, msichana aliyetoka kwao Buguruni na viatu vya wazi. Wateja walimrudia wakiwa wamekunja uso. "Dada, hili umeniuzia la mdoli."

Alipopata fremu yake ya duka akabuni njia. Aliwachagua wanawake watatu wa jengo letu. Kuruthumu, wakala wa pesa pale mlangoni, ni mwembamba. Jovitha, anayeshona mapazia ghorofa ya kwanza, ni wa kati. Mimi nilikuwa mnene. Nakaa chumba cha nyuma na asubuhi nawauzia watu wa maduka chai na maandazi, kwa hiyo sikuwa mbali. Kila furushi lilipofunguliwa alichomoa gauni moja, mmoja wetu akalivaa nyuma ya pazia. Likimkaa Kuruthumu, furushi zima lilitiwa uzi mwekundu shingoni na kuitwa Kuruthumu. La Jovitha uzi wa njano. Langu uzi wa kijani.

Wateja wa mikoani wakazoea. Simu ilikuwa inapigwa kutoka Mtwara, "Chiku, nitumie Mama Najma sita na Jovitha nne." Hawakuuliza zaidi, na hakuna lililorudishwa. Siku moja alikuja mama mmoja wa Ifakara, akauliza Mama Najma ni nani hasa.

"Huyo hapo, anamimina chai," Chiku akamwambia.

Yule mama akanizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akacheka. "Haya, kweli. Mimi ni wewe."

Sitaki kusema uongo, nilijisikia mtu. Sijawahi kuwa na kitu chenye jina langu, hata meza ya maandazi haina kibao. Na Chiku alikuwa akisema mbele za watu, "Duka langu si hizi nguo. Duka langu ni neno langu. Nikikwambia litakutosha, litakutosha."

Mwaka juzi nikaanza kukonda. Nilikuwa nakunywa maji usiku na mchana, na sketi zinashuka zenyewe. Zahanati wakaniambia ni sukari. Nikapewa vidonge na karatasi ya vyakula, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu.

Sababu ilikuwa Najma. Posa yake ilikuwa imekubaliwa, mchumba anaitwa Abubakary, kwao Magomeni. Mama yake Abubakary ni mtu wa macho. Akiingia kwako anaona vumbi lililo nyuma ya kabati. Nikajua atakavyowaza, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwaza hivyo. Jirani yetu mmoja alipokonda, ngazi nzima walinong'ona kwamba kakanyaga miwaya, na kwetu mtu akisema hivyo ameshakuhukumu kwamba una ugonjwa ule. Kumbe dada wa watu alikuwa na vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosikiliza.

Basi nikajifunga. Asubuhi nilivaa taiti mbili, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne kuzunguka kiuno na makalio, ndipo gauni. Kifuani sikuweka kitu. Nilijitanda mtandio mpana, nikaona inatosha. Mtaani walioniangalia waliona Mama Najma yule yule.

Kwa Chiku ndiko kulikuwa na kazi. Zamani nilikuwa natoka nyuma ya pazia bila mtandio, ananiinua mikono, ananigeuza, anavuta kitambaa chini ya kwapa. Sasa nikasema nina mafua, nahisi baridi. Akaanza kuniuliza akiwa nje ya pazia.

"Limepanda zipu?"

"Limepanda."

"Kiunoni?"

"Limejaa vizuri."

"Basi hilo ni Mama Najma," na nikasikia anachukua sindano.

Kiunoni lilijaa kwa sababu ya kanga. Zipu ilipanda kwa sababu kifua kilikuwa kimekwisha. Magauni membamba ya juu, ambayo zamani yangenigomea katikati ya mgongo, yakawa yananipokea, na yote yakatiwa uzi wa kijani. Nililiona hilo. Nilijiambia kitambaa kitavutika.

Satini haivutiki. Ritha, mteja wake mkubwa wa Dodoma, aliagiza sare za sendofu ya mpwa wake, magauni arobaini ya rangi ya zambarau, ishirini na tano kati ya hayo Mama Najma. Yalipanda basi Jumatano. Jumamosi jioni ukaja ujumbe wa sauti, Chiku akauweka wazi sote tusikie, akidhani ni shukrani.

"Chiku, umeniua. Watu wazima kumi na saba zipu zimegoma mgongoni. Tumefunga kwa pini, tumefunika kwa mitandio, na joto hili. Mama mzaa bibi harusi amekaa sherehe nzima hajainua mkono hata kupiga makofi. Umenifanyia nini, Chiku?"

Nyuma ya sauti yake ngoma zilikuwa zinalia na watu wanacheka.

Chiku alinikimbilia na gauni moja lililobaki. "Hebu vaa." Nikavaa, pale pale nyuma ya pazia. Zipu ikapanda. Alikaa kwenye kigoda akaliangalia lile gauni kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

Habari ilifika kwenye kundi la WhatsApp la wateja kabla ya magauni kurudi. Mmoja aliandika, "Mama Najma wa Chiku siku hizi yuko chekechea." Wengine wakatia vicheko. Wengine wakaanza kuuliza, "Ni Mama Najma wa zamani au wa sasa?" Chiku aliwajibu mmoja mmoja: makosa yangu, mteja wangu, naomba radhi. Hakuandika kwamba kuna mtu aliyelivaa akasema limemtosha.

Wiki mbili baadaye nilimkuta amevaa miwani. Miwani mikubwa, fremu nyeusi, imemshuka puani.

"Nimekwenda kupima macho," akasema. "Naona yamechoka. Nilikuwa naangalia nguo nikaona sawa, kumbe si sawa. Daktari anasema sina tatizo kubwa, lakini nimemwambia anipe tu. Mtu hawezi kukosea namna ile kama anaona."

Chai nilijimwagia mkononi mwenyewe. Nikamwambia afunge mlango nusu. Nikavua mtandio, nikafungua kanga, ikaanguka sakafuni mkunjo baada ya mkunjo, nikabaki na taiti na shimizi.

Chiku alinitazama juu ya miwani, kisha kupitia miwani, kisha akaivua.

"Kwa hiyo macho yangu mazima?"

"Mazima, mdogo wangu. Ni sukari. Tangu mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu." Akahesabu vidole. "Dada, mizigo minne hiyo! Si ungesema tu? Ningemtafuta mnene mwingine, nikampa jina lako, nani angejua?"

Haikunijia akilini hata siku moja kwamba jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho.

"Vaa, utapata baridi ya kweli," akasema. Alikuwa hana hasira, au aliificha. Akachukua simu. "Twende tumpigie Ritha sasa hivi. Umwambie mwenyewe. Akisikia kwa mdomo wako ataelewa, na akielewa yeye wote wataelewa."

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Kundi lile, mama yake Abubakary yumo. Si ulimuuzia yale madera? Ritha akijua, Magomeni wanajua kabla ya adhuhuri."

"Sukari siyo aibu, Mama Najma."

"Watasema ni sukari? Chiku, unawajua watu. Acha mtoto aolewe kwanza. Akishaingia ndani nitampigia Ritha mwenyewe, nitatangaza hata kwa kipaza sauti."

"Ndoa lini?"

"Mfungo Tatu."

"Miezi minne."

"Miezi minne."

Aliikunja ile kanga yangu taratibu, pembe kwa pembe, akanipa. "Sawa," akasema. "Mtoto ni wetu sote."

Alinyamaza miezi yote minne. Mimi nilikuwa naona kila kitu kutoka kwenye meza yangu. Alimleta mwanamke mwingine mnene wa kujaribisha, lakini wateja walikuwa wameshaogopa. Walianza kudai vipimo vya sentimita, na wao wenyewe hawajui sentimita zao. Wakaomba picha za mtu aliyevaa, wakatumiwa, wakanyamaza. Mwezi wa pili wa kusubiri akampangisha nusu ya fremu kijana wa chaja na kava za simu. Mwezi uliofuata Ritha akasafiri mwenyewe kuja Kariakoo, akapita mbele ya duka na mifuko ya duka la Krina, yule muuza magauni wa Mtaa wa Aggrey. Akamsalimia Chiku kwa mkono na hakusimama. Chiku aliniangalia. Mimi nikainamia birika.

Ningeweza kumkimbilia Ritha siku ile. Alikuwa hatua ishirini. Nilimwona mpaka alipokata kona.

Najma aliolewa, alhamdulillahi, harusi ilikuwa nzuri. Baada ya wageni kula, mama yake Abubakary akaja kukaa karibu nami. Niliweka pembeni kashata na juisi, nikabaki na maji. Akaniinamia.

"Mwenzangu, pole na sukari."

Nikashtuka mpaka nikashika kanga kiunoni.

"Nimekuona tangu siku ya mahari," akasema. "Hunywi soda, kila saa maji. Mimi mwenyewe huu mwaka wa sita. Nitakuletea unga wa dona wa kwetu, huu wa dukani utakuumiza."

Watu walipiga vigelegele, bibi harusi anatolewa, nami nililia. Wakadhani nalia kwa ajili ya Najma.

Siku ya tatu nilipanda ngazi hadi juu, mahali ambapo simu inashika vizuri, nikampigia Ritha. Nikamweleza yote, vidonge, kanga, zipu, hata miwani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia cherehani upande wake.

"Mama," akasema, "ahsante kwa kuniambia. Na pole kwa maradhi. Chiku mwambie sina kinyongo naye."

"Kwa hiyo utaagiza tena?"

"Ah, hapana, mama yangu. Mimi sasa nachukua kwa Krina, ananipa kwa mkopo na wateja wangu wamezoea. Ungenipigia wakati ule, kabla sijahama, ingekuwa neno lingine."

Nikashuka. Chiku alikuwa mlangoni amesimama, ameshajua nimekwenda kufanya nini, kwa sababu nilimwambia asubuhi. Alikuwa amefagia, na magauni machache yaliyobaki ameyapanga upya mbele.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Umemwambia?"

"Yote."

"Amesemaje?"

Nilimwangalia usoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu ghorofa ya tatu, na yote yalikuwa ya kweli.

"Amesema hana kinyongo na wewe."

Chiku akafumba macho kidogo, akashusha pumzi ndefu. "Si nilikwambia? Ritha ni muungwana. Hakusema kingine?"

"Hakusema."

"Basi atapiga," akasema. Akaingia ndani, akaichomeka simu yake kwenye chaji, akaiweka juu ya meza mahali ambapo ataiona ikiwaka.