Boma la Miiba Kuzunguka Pijo ya Baba

Mimi ndiye niliyezungushia gari la baba boma la miiba. Nakiri mapema, mwanangu, usije ukanisikiliza kama mtu mwenye akili halafu ujute baadaye. Najua unacheka kuitwa mwanangu na mtu wa kidato cha tatu. Cheka, lakini kaa chini. Wewe uko darasa la sita, hujaaminiwa hata ufunguo wa choo. Mimi nimekwisha kuaminiwa gari, nikaligeuza hori la mbuzi.

Nakumbuka ilikuwa wiki ya arusi ya dada yangu Mwende. Baba alikuwa na duka la misumari na mabati pale Sultan Hamud, na nyuma ya duka palikuwa na banda tulilogawana na jirani, Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo. Pijo yetu, ile Peugeot ya baba, ililala kulia, pikapu yake kushoto, katikati pana nafasi ya mtu mwembamba aliyebana pumzi. Mzee Abdi hakuwa mwembamba. Kila akishuka, mlango wa pikapu ulibisha hodi ubavuni mwa Pijo, na ubavu wenyewe ulikuwa umeanza kufanana na bao la kuchezea kete.

Pijo hiyo ndiyo ingempeleka Mwende kanisani Jumamosi. Baba akaniita.

"Wakwe watakuwa wamesimama mlangoni. Gari likiongeza kishimo hata kimoja, wewe utabaki hapa na kuku."

Ningemwendea Mzee Abdi tu. Lakini nimwambie nini mtu mzima, kwamba hajui kufungua mlango? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kutouliza ni nini hawakusema, waliniachia mimi nifanye utafiti.

Babu yangu kule Kyuso huzungushia boma lake matawi ya mgunga, na fisi akija hutazama tu akaenda zake. Nikawaza, kama miiba inamshinda fisi, itashindwa na mlango? Alhamisi nikatoka shule, nikachukua panga, nikakata mgunga mbichi na majani yake yote, nikauburuta hadi bandani na kuizungushia Pijo pande zote. Nikarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yangu. Safi kabisa. Nikaenda kunywa chai.

Sasa hebu niambie, mwanangu, mbuzi wa Ukambani hula nini wakati wa kiangazi? Umeona. Hata wewe wajua.

Mzee Abdi alirudi kutoka mnadani na mbuzi waliokosa mnunuzi. Alipoona miiba mlangoni mwake alishukia upande wa pili, maana si mtu wa kelele, akawaacha mbuzi wamesimama ndani ya pikapu, kule nyuma, kama kawaida, akaenda kuswali. Siku zote walitulia pale. Siku zote hapakuwa na chakula ng'ambo.

Niliposikia kwato juu ya bati nilidhani ni paa la banda. Lilikuwa paa kweli, ila la Pijo. Beberu mweupe alisimama pale juu kama mhubiri, na washirika wake walikuwa kwenye boneti, wakila boma langu kwa upande wa ndani. Nikakimbia kuwafukuza. Sikuweza kupita. Boma lilikuwa imara, mwanangu, lilimzuia mtu mmoja tu, naye ni fundi aliyelijenga. Shati la shule lilibaki mle.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama sisi Wakamba, alitoka na unga mikononi. Mzee Abdi naye akatokea, kofia ya swala bado kichwani.

"Mama Mwende, mbuzi wangu wamekosa?"

"Hawajakosa, Mzee. Wameandaliwa meza." Akanigeukia. "Ni nani amevisha gari miiba?"

"Nilikuwa nalinda, mwaitu. Mlango wa Mzee huligonga."

Mzee Abdi akavuta tawi moja kando, akainama, akautazama ubavu wa Pijo, akapitisha kidole kwenye vishimo.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee."

"Na kila asubuhi unanisalimia. Hiyo miiba ilikuwa kwa mdomo, ukashindwa kuniambia?"

Nikachukua panga, nikaanza kulibomoa boma langu.

Kuanzia kesho yake aliingia bandani kinyumenyume, mlango wake ukafungukia ukutani, na mbuzi wakashushwa nje. Tulifunga ukanda wa tairi kuukuu kwenye ukingo wa mlango, tukaning'iniza magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi katikati ya magari. Kishimo kipya hakijaonekana hadi leo. Mikwaruzo ya kwato kwenye boneti mwaitu aliifunika kwa leso na maua, na wakwe wakasifu mapambo. Sikubaki na kuku. Nilienda arusini nyuma ya pikapu ya Mzee Abdi, nimeshika kamba ya yule beberu mweupe, zawadi yake kwa Mwende. Njiani alilila ua la kifuani mwangu.

Basi shika hili. Ukitaka gari lisigongwe, anza na mwenye mlango kabla hujaanza na panga. Gunia ni zuri, tairi ni zuri, kinyumenyume ndiyo dawa yenyewe, lakini vyote hivyo vilisubiri neno moja ambalo ningelisema bure nikipita na ndoo ya maji. Na Mungu akuepushe na akili za ghafla, hasa zile zinazokuja umeshika chombo chenye makali.

Baraka yangu mimi niliipata jioni ile ya arusi. Mwaitu aliniwekea mkono kichwani mbele ya wageni, akafumba macho, akasema, "Mungu akupe gari lako, mwanangu, na akupe mtoto kama wewe wa kulilinda."