Barua Yenye Neno "Unrest"

Tuliokulia Mtendeni enzi zile tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi likaingia kwenye meno, mifuko ya sare imejaa michembe ya viazi vikavu ya kutafuna. Kiingereza kilikuwa cha darasani tu. Nyumbani kilifika kwa barua.

Nikiwa darasa la sita ilikuja barua kutoka shule ya bweni aliyosoma kaka yangu Rajabu. Baba, fundi cherehani, hakujua Kiingereza, akanipa mimi niisome kwa kuwa nilikuwa naongoza darasani. Niliielewa vipande vipande. Neno moja, "unrest", sikuwahi kuliona. Lakini mwalimu alishatufundisha kwamba "rest" ni kupumzika, na "un" ikitangulia inakanusha.

"Wanasema Kaka hapumziki," nikamwambia Baba. "Wanataka mwende."

"Anasoma sana mwanangu," Mama akasema. "Atajiumiza."

Baba akaona hakuna haraka, ana nguo za watu za kumaliza. Wakamtumia dumu la asali ya Sikonge apate nguvu. Sikuwaambia kwamba nilikisia. Niliona aibu kusema sijui.

Kumbe neno lile ni vurugu. Wanafunzi walikuwa wamegomea chakula, madirisha yakavunjwa, na kila mzazi alitakiwa kufika ndani ya wiki moja kumtetea mwanawe. Wenzake waliotetewa walirudishwa darasani. Rajabu alirudi nyumbani na sanduku lake la bati, amefukuzwa.

"Baba, nilikungoja getini kila siku," alisema. "Sikuvunja kitu mimi."

Baba alinitazama mara moja tu, kisha akainamia cherehani.

Rajabu akaenda Sikonge kulima tumbaku. Yuko huko hadi leo, kifua kimeharibika kwa moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia majani. Baba alikufa bila kumwambia nani aliisoma barua ile. Mimi pia sijamwambia.

Siku hizi mjukuu wangu akikutana na neno asilolijua anabonyeza simu, maana yake inatoka kabla sijavaa miwani, na kufika jioni ameshalisahau. Huwa namcheka, namwambia watoto wa sasa hawajui kuhangaika na neno. Juzi akaniuliza, "Bibi, wewe ulihangaika na lipi?"

Nikamwambia akanichemshie chai.